Kompyuta Iliyonyamaza Kibamba

Kompyuta ya Mwalimu Genoveva Kasimiri ilinyamaza Jumanne asubuhi, katikati ya neno. Alikuwa anaandika somo la Eliaichi, na sauti ya mashine ikimsomea kila alichoandika, kama ilivyokuwa ikifanya kwa miaka mingi. Ikasema, "Leo nimefungua belo la mashu," ikakomea hapo. Genoveva akangoja, vidole vyake vikiwa bado juu ya vitufe. Ndani ya kasha la chuma lililokaa chini ya meza akasikia kitu kinagonga polepole, kama mtu anayebisha hodi huku akijua wenyeji hawapo. Kisha kugonga kukakoma, ikabaki feni peke yake inazunguka.

Akazima. Akawasha. Ikagonga tena, ikanyamaza tena.

Genoveva hakuwa anaona tangu utotoni. Surua ilimpata kule kwao Mbinga akiwa mdogo, ikaondoka na macho yake. Lakini alisoma, akawa mwalimu, akafundisha watoto wasioona mpaka alipostaafu na kuhamia Kibamba na mumewe Marselino, ambaye naye alikuwa karani wa bohari mstaafu. Ile kompyuta ilifika shuleni kwake kwa msaada wa wageni katika miaka ya tisini. Shule ilipopata mpya, ile kuukuu ikatolewa nje pamoja na madawati mabovu, naye akaiomba. Akapewa pamoja na ndugu zake wawili: kisanduku cha sauti chenye ukubwa wa redio ndogo, na printa ya nukta nundu, nzito kuliko cherehani, inayotoboa maandishi ya wasioona kwenye karatasi ngumu kwa kelele ambazo jirani yao Venance alizizoea kama kelele za kuku wake. Vitu hivyo vitatu vilizeeka pamoja, na havikuwa na lugha ya kuzungumza na chombo kingine chochote.

Sauti yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Kiswahili ilikisoma kama padri mgeni ambaye amejifunza salamu akiwa kwenye ndege. Mtu mwingine asingeielewa. Genoveva aliielewa kuliko alivyowaelewa baadhi ya watu.

"Mama Hope," Marselino akamwambia walipokaa kunywa chai, "hiyo mashine imechoka, iache ipumzike. Si una simu? Simu yako inasema Kiswahili kizuri, hata mie nikiisikia nafurahi."

"Simu inasema, Baba Hope. Lakini haitoboi karatasi."

Marselino alijua karatasi zile zilikuwa zinakwenda kwa nani.

Eliaichi alikaa mtaa wa pili, kwa mwanawe Gibson. Alikuwa ameuza mitumba Manzese tangu usichana wake, anafungua belo alfajiri na kujua kwa kugusa tu lipi shuka la pamba na lipi la kuungua na pasi. Presha ya macho ikamnyemelea, na alipofika hospitali walimwambia kilichopotea hakirudi. Mwaka wa kwanza alikaa kitandani. Mwaka wa pili Gibson alimshika mkono, akamleta kwa Mwalimu Genoveva, akasema mama anataka kujifunza kusoma upya.

"Wajukuu wananisomea," Eliaichi alieleza siku hiyo. "Lakini wanaruka. Wakiona mstari mrefu wanaruka, wanadhani sijui. Halafu kila kitu nasomewa wanachotaka wao. Mwalimu, mie nataka nisome kitu ambacho hakuna mtu amenichagulia."

Genoveva akaanza kumtungia masomo kwa maneno yake mwenyewe, maneno ya sokoni, kwa sababu aliona mtu mzima hawezi kujifunza kwa sentensi za kitoto. Belo la mashuka. Mteja wa kwanza hakopeshwi. Pazia moja lina tundu, lifiche chini. Eliaichi alicheka alipoyafikia kwa kidole, na kila alipocheka kidole kilikimbia zaidi. Walikuwa wamefika somo la kumi na kitu hivi, na herufi zote alishazijua, ila mkono ulikuwa bado hauna imani. Kila alipokwama alisema, "Vidole vyangu vibaya." Sasa masomo yalikuwa yamekatika.

Mashine ya mkono ilikuwepo, ile ya kubonyeza vitufe sita. Lakini kifundo cha mkono wa kulia cha Genoveva kilikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi, na kurasa mbili zilitosha kukivimbisha.

Marselino, pamoja na maneno yake yote, ndiye aliyekwenda Mbezi kumleta Kamugisha, kijana fundi wa laptopu. Kamugisha akaamkia, akapiga magoti chini ya meza, akafungua kasha, akapekua ndani.

"Mama, sikudanganyi," alisema mwishowe. "Diski kuu imekufa. Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa kinakaa, na programu yako, na maandishi yako yote. Vingine naona vizima. Ila hii mashine nimezaliwa nimeikuta. Spea zake sizijui zinapatikana wapi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mie siigusi, nisije nikaharibu na vizima. Na usimpe mtu wa kusema anakwenda nayo mara moja. Atakutolea vitu vya ndani." Akarudisha skrubu zote za kasha. "Programu ilikujaje? Kwa disketi?"

Ilikuja kwa disketi tatu. Marselino akazitoa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, akapuliza vumbi, kisha akasita. "Mbili nzima," alisema. "Hii moja ina ukungu."

Genoveva hakulala kitandani kama Eliaichi alivyofanya. Alikaa na simu yake barazani, akafungua kundi la WhatsApp ambamo wasioona wa Dar es Salaam na mikoani walikuwa wakitumiana sauti kutwa nzima, habari za misiba, za mpira, za fimbo mpya zimefika wapi. Akaeleza shida yake. Majibu yakaja kwa wingi, na mengi yalikuwa pole. Mmoja alisema anunue printa mpya, akataja bei, na kundi zima likaguna.

Jioni akaingia kundini Brightson, aliyekuwa akipokea simu kwenye ofisi moja mjini. "Mwalimu Genoveva, shikamoo. Hizo mashine nazikumbuka. Tulikuwaga nazo chuoni. Kulikuwa na fundi anakuja kutoka Temeke, mzee mmoja wa Kihindi anaitwa Husseinali. Alikuwa anafunga vile visanduku vya sauti. Sasa hivi duka lao ni la sola na pampu za maji, lakini mzee yupo. Nakutumia namba ya binti yake."

Binti aliitwa Maliha. Alimsikiliza Genoveva mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akasema, "Subiri mama, nampa baba simu."

Ikasikika kohozi la mtu mzima. "Mwalimu, kisanduku cha sauti bado kipo?"

"Kipo, na kinaguruma kikiwashwa."

"Na printa?"

"Ipo."

"Leteni," alisema. "Sikuahidi kitu. Lakini leteni nione."

Wakapakiwa na Venance, ambaye kila Alhamisi alipeleka mayai Temeke kwa gari lake. Kasha lilikaa miguuni mwa Marselino, disketi zikiwa mfukoni mwake, kisanduku cha sauti mapajani mwa Genoveva kimefungwa kwa khanga, na trei za mayai nyuma yao; printa, kwa uzito wake, ilibaki nyumbani. Kila penye tuta Venance alipunguza mwendo, na hakuna aliyejua ni kwa ajili ya mayai au kompyuta.

Duka lilikuwa na mwangwi wa vitu vya bati na harufu ya mpira mpya. Maliha akamshika Genoveva kiwiko kwa ustadi, akampitisha katikati ya mapipa ya plastiki hadi chumba cha nyuma. Huko harufu ilibadilika, ikawa ya vumbi la umeme na risasi ya kuchomelea. Mama mmoja akawaletea chai ya maziwa yenye iliki. Huyo alikuwa Shehnaz, mke wa Husseinali.

"Miaka yote namwambia atoe huu uchafu," Shehnaz alisema, akimpa Genoveva kikombe mkononi. "Anasema siku moja mtu atakuja. Haya, karibuni sana. Sasa hatautoa kabisa."

Husseinali alicheka kidogo, akafungua kasha. Alikuwa na tabia ya kusema anachofanya, na Genoveva akashukuru moyoni, maana mafundi wengi hufanya kazi kimya wakasahau kuna mtu haoni pembeni. "Natoa diski. Huyu kafa, hafufuki. Sasa naweka hii." Akampa kitu kidogo aguse: kipande cha ubao chenye mdomo mwembamba, na ndani yake kadi kama ile ya simu. "Kompyuta itadhani hii ni diski. Inadanganyika vizuri tu, yenyewe ni ya zamani, haina wasiwasi."

Ikawaka. Kisanduku cha sauti kikasema neno lake la kwanza, namba ya toleo na kitu fulani kwa Kiingereza chake kilekile, na Genoveva akaweka kikombe chini, akakisogelea.

Lakini ile ilikuwa sauti tu. Programu ya kugeuza maandishi kuwa nukta ilikuwa kwenye disketi. Ya kwanza ikasoma. Ya pili ikasoma. Ya tatu, yenye ukungu, Husseinali aliisafisha kwa pamba na spiriti, akaingiza, ikakwaruza, akatoa, akasafisha tena, akajaribu kwenye mashine nyingine mbili za kwake. Wakaingia wateja wakatoka. Marselino akaenda kusali rozari yake kwenye kibao nje.

"Bila hii ya tatu, hizo mbili ni maneno tu," Husseinali alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Pole, Mwalimu. Waliotuuzia wamefunga zamani. Sijui pa kuipata."

Genoveva aliwaza njia ya kurudi Kibamba, na namna ya kumwambia Eliaichi.

Maliha ndiye aliyeuliza. "Mama, aliyeitengeneza ni nani?"

"Mswidi. Birger. Yeye mwenyewe haoni. Kila ukiifungua ile programu inataja jina lake kwanza, Birger wa mji fulani, sijui nalitamkaje."

"Jaribu."

Akalitamka kama kisanduku kilivyokuwa kikilitamka kila asubuhi. Maliha akaandika kwenye simu, akakosea, akaandika tena. Akapata chama cha wasioona cha mji huo, chenye anwani ya baruapepe. Akaandika palepale, Genoveva akimwelekeza la kusema kwa Kiingereza chake cha darasani: kwamba yuko Tanzania, kwamba programu imemtumikia vizuri, kwamba disketi ya tatu imeota ukungu, na kwamba kuna mama mmoja anajifunza kusoma.

Wakaacha mashine Temeke, wakarudi na Venance.

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Eliaichi alikuja na karatasi zake za zamani, akazisoma tena na tena mpaka nukta zikaanza kulala. Genoveva akatoa mashine ya mkono akaandika ukurasa, kisha wa pili, na kifundo kikavimba akakificha kwenye khanga. Eliaichi hakuona, lakini alisikia vitufe vinavyopunguza kasi.

"Mwalimu, acha," alisema. "Nimekaa miaka sitini bila hizi nukta. Nitasomewa tu. Si vibaya."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Genoveva. Alishawahi kuusikia kwa wanafunzi. Mtu akilalamika bado anataka. Akiwa mpole, ameshaanza kuondoka.

"Njoo kesho hata kama sina kitu," akamwambia. "Tutaongea."

Eliaichi alikuja kesho yake, na keshokutwa. Waliongea. Marselino aliwapikia mihogo.

Jumamosi Maliha akapiga simu. Kabla hata ya salamu akasema, "Mama, amejibu. Katuma voisi. Sikiliza."

Ilikuwa sauti ya mzee sana, kavu, inayopumzika baada ya kila sentensi, kwa Kiingereza chepesi. Alisema anaitwa Birger, ana miaka themanini na mitatu. Alisema chama walimpelekea barua anakokaa na mjukuu wake akamsomea mara mbili. Alidhani programu yake haitumiki tena popote duniani. Ameitafuta, anayo, anaituma yote bila malipo, na Mwalimu aitumie mpaka atakapochoka. Lakini kuna jambo moja: hana jedwali la Kiswahili, ile orodha inayoiambia mashine herufi ipi ipate nukta zipi. Hakuwahi kulitengeneza.

"Ni kweli," Genoveva alisema. "Tulilitengeneza sisi pale shuleni, na mwenzangu mmoja, marehemu sasa. Lilikuwa kwenye diski iliyokufa."

"Sasa itakuwaje?"

"Italeta nukta za Kiingereza. Endelea, kuna maneno mengine?"

Yalikuwepo. Birger alisema jedwali linaweza kuandikwa upya, ni mistari ya kawaida tu, na angetuma maelezo. Akiwa na swali ampigie Jumapili mchana, kwa sababu Jumapili hapati simu nyingi.

Husseinali na Maliha waliileta mashine Kibamba wenyewe. Shehnaz akaja nao, akabeba sambusa. Husseinali aliunganisha nyaya, akaimba wimbo fulani wa Kigujarati chini kwa chini, na mara printa ikaanza kupiga. Kuku wa Venance wakanyamaza kwa mshangao. Marselino akachana karatasi ya kwanza, akampa mkewe, naye akaipitisha kwa Eliaichi bila kuigusa.

"Soma wewe."

Eliaichi akanawa mikono kwanza. Akaweka kidole. "Leo. Nimefungua. Belo. La..." Akasimama. Akarudi nyuma, akapita tena. Watu chumbani wakasubiri. Genoveva alitegemea kusikia yale maneno ya vidole vibaya.

"Mwalimu," Eliaichi alisema, "hapa kuna kitu si chenu. Panatakiwa mashuka. Baada ya *ma* kuna alama moja tu, halafu *uka*. Na huku chini, kwenye *kitanda*, katikati kuna dude moja nene limejaa nukta, sijawahi kukutana nalo."

Genoveva akavuta karatasi, akagusa. Ilikuwa kama alivyoogopa. Programu ilifuata desturi ya Kiingereza, inayokusanya herufi kadhaa na kuzifanya alama moja, na ilizikusanya popote ilipozikuta, hata ndani ya kitanda.

"Umeona sawa," alisema. "Mashine ndiyo imekosea."

"Siyo mie?"

"Siyo wewe."

Eliaichi akarudi kwenye ukurasa, na sasa alikuwa anasoma kama mtu anayekagua belo. "Hapa pia. Na hapa, *thelathini*, wameila *the* yote. Na *andika*. Hee, wameharibu kila mahali hawa."

Husseinali alicheka mpaka akakohoa.

Kazi ya jedwali ilichukua wiki kadhaa. Genoveva aliandika mistari kwa kufuata maelezo ya Birger, printa ikapiga, Eliaichi akasoma na kutaja penye kasoro, Genoveva akarekebisha, printa ikapiga tena. Mara nyingine rekebisho moja lilizaa makosa mawili. Marselino aliwaandalia orodha ya maneno magumu kutoka kwenye gazeti, akachagua ya siasa kwa makusudi, wakagombana naye. Eliaichi alikuwa anafika saa tatu asubuhi, na Gibson akaanza kulalamika kwamba mama haonekani nyumbani, ingawa alilalamika huku anacheka. Hakuna siku aliyosema tena kuhusu vidole vyake. Kwa kweli alikuwa amewahi kumrekebisha mwalimu mwenyewe mara mbili, na mara moja alikuwa sahihi.

Jedwali lilipotulia, Genoveva akamuuliza anataka kusoma nini.

"Katiba ya kikoba chetu," Eliaichi alijibu bila kufikiri.

"Katiba?"

"Mie ni mwanachama tangu tulipoanza kuweka akiba na kukopeshana. Kila mkutano katibu anasoma, tunapiga makofi. Sijawahi kuisoma kwa macho wala kwa vidole."

Maliha akaiomba kwa katibu, akaipiga picha, akaitoa maandishi. Ikawa kurasa nyingi za nukta, zimefungwa kwa kamba ya katani. Eliaichi alikwenda nayo kikaoni amekumbatia kifuani. Hakukuta hila yoyote ndani yake, kila kitu kilikuwa kama kilivyosomwa, na alisema hivyo hivyo alipoulizwa. Lakini ilipofika kifungu cha kumi na mbili, cha msaada wa msiba, akainua mkono, akasema hakijaandikwa vizuri, mtu wa msiba anaweza kuumia kwa neno moja lililokaa vibaya. Wakakijadili. Wakakibadilisha.

Jumapili moja mchana Genoveva akampigia Birger kumpa habari. Kulikuwa na wanafunzi wawili wapya, mmoja wa kutoka Pugu aliyeelekezwa na Brightson, na mwingine mtoto wa kuja likizo. Birger alitaka kujua majina yao, akayarudia kwa taabu. Kisha akauliza kama inawezekana kuisikia mashine inafanya kazi. Tangu mkewe afariki ameishi kwenye nyumba ya wazee, alisema, na printa yake mwenyewe aliitoa.

Genoveva akabonyeza kitufe. Printa ikaanza kupiga somo la mtu wa Pugu, mstari kwa mstari, na akashika simu karibu nayo, mkono wa kushoto, ule usiouma. Akaishika hivyo mpaka ukurasa ukaisha. Akairudisha sikioni.

"Ina spidi nzuri," Birger alisema. "Weka mafuta kidogo kwenye reli ya kulia. Nasikia inasugua."

Genoveva akamwita Marselino aliyekuwa uani, akamwuliza mafuta ya cherehani yako wapi.